Hari ya Miji ya Pwani na Vitu Iliyojengewa: Funzo kwa Sisi wa Kigali

Bismillahi Rahmani Rahimi.

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, wakubwa wa jumuiya yetu wameniagiza niandike katika kitabu hiki cha ukumbusho habari ya zamani iliyo na manufaa kwa watu wa leo. Nami nimechagua habari ya hari: kwa nini mji mmoja huwa na fukuto na mwingine huwa na nafuu, hali jua ni lile lile, na wazee wetu wa pwani walijenga kwa vitu gani hata wakaweza kukaa na jua hilo kwa mamia ya miaka.

Huenda msomaji akastaajabu. Sisi wa Kiyovu, Biryogo na Nyamirambo twakaa juu ya vilima, mbali na bahari, mahali palipopita mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Yatuhusu nini hari ya Lamu na Unguja? Yatuhusu kwa mambo mawili. La kwanza, wengi katika wazee waliotuletea dini na lugha hii ya Kiswahili walitoka huko, na nyumba zetu zenye baraza mbele na ua nyuma zimefuata mfano wa kwao. La pili, siku hizi mji wetu unavunjwa na kujengwa upya. Nyua za nyumba na za misikiti zinamwagwa zege, na miti iliyopandwa na babu zetu inakatwa. Mtu akitaka kuangusha kwa saa moja kivuli kilichokua kwa miaka 50, yafaa ajue kwanza anaangusha kitu gani.

Hari ya mji hutoka wapi

Watu wengi hudhani hari yote hutoka juu. Kweli asili yake ni jua, lakini hari tunayoisikia mjini nyingi hutufikia kutoka chini na pembeni: kutoka ardhi, kuta na mapaa yaliyokwisha kunywa jua. Jambo hili si geni kwa Waislamu. Imepokewa kwa Anas bin Malik, radhi za Allah ziwe juu yake, kwamba Masahaba walipokuwa wakisali katika hari kali walitandika ncha za nguo zao wakasujudu juu yake, kwani uso haukuweza kuvumilia joto la ardhi. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, aliruhusu sala ya adhuhuri icheleweshwe kidogo hari inapozidi. Katika Sura An-Nahl vivuli vimehesabiwa miongoni mwa neema alizopewa mwanadamu.

Huko Ulaya, Mwingereza mmoja jina lake Luke Howard alipima hewa ya London mwanzoni mwa karne ya 19, akaona kwamba mji ule ulikuwa na joto kuliko mashamba yaliyouzunguka, khasa wakati wa usiku. Tangu hapo wataalamu wamepima miji mingi, ya baridi na ya joto, na wameona mambo matatu ambayo kila kitu cha kujengea huulizwa.

Swali la kwanza: kitu hicho hurudisha mwanga wa jua kiasi gani? Ukuta uliopakwa chokaa mpya hurudisha mafungu 7 au 8 katika kila 10. Majani mabichi hurudisha mafungu 2 hivi. Lami mpya, iliyo nyeusi, hurudisha chini ya fungu 1, na yote yaliyobaki huyanywa. Ndiyo sababu uso wa lami katika jua la adhuhuri huweza kufika nyuzi 60, hali hewa yenyewe ni nyuzi 32 tu.

Swali la pili: kitu hicho huweka joto muda gani? Jiwe na zege ni vizito. Hupata moto polepole na hupoa polepole. Bati ni jepesi. Jua likitoka huwaka, na jua likizama hupoa upesi.

Swali la tatu: kina unyevu? Hili ndilo kubwa kuliko yote. Kuigeuza lita 1 ya maji kuwa mvuke huhitaji joto karibu mara 7 ya lile la kuichemsha lita hiyo hiyo kutoka nyuzi 20 hadi itokote. Mti na nyasi hutoa mvuke mchana kutwa, na kazi hiyo hula joto la jua ambalo lingetufikia sisi. Lami na zege hazina maji ya kutoa, basi joto lote hubaki mjini.

Walivyojenga watu wa pwani

Pwani ina tabia yake. Hewa ya bahari imejaa unyevu, jasho halikauki upesi, na usiku haupoi sana kama upoavyo bara. Kwa hiyo mtu wa pwani anahitaji vitu viwili: kivuli mchana, na upepo usiku na mchana. Vitu vyote alivyojengea vilitumikia haja hizo mbili.

Msafiri Ibn Battuta alipopita pwani yetu mwaka 1331 aliikuta Mombasa ina misikiti iliyojengwa kwa miti, kazi imara. Aliandika kwamba watu wake walikwenda miguu mitupu. Mlangoni mwa msikiti palikuwa na kisima kifupi kimoja au viwili, ardhi ya kuzunguka msikiti ilikuwa imesakafiwa, na kila aingiaye aliosha miguu kisha akaifuta juu ya jamvi nene. Atazamaye kwa makini ataona kwamba watu wale walikwisha kuifikiria ardhi ya nje ya msikiti: iwe safi, na nyayo zipate maji kabla ya kuingia.

Karne hiyo hiyo ya 14, Sultani Al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa alijenga jumba lake la Husuni Kubwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kazi ya mawe ndiyo iliyoenea baadaye katika Lamu, Pate, Mombasa na Unguja. Mawe ya matumbawe yalichimbwa nchi kavu karibu na bahari; yana vitundu vidogo vidogo vilivyojaa hewa, kwa hiyo hayapitishi joto upesi kama jiwe lililo gumu. Chokaa ilipatikana kwa kuyachoma mawe hayo hayo juu ya biwi la magogo. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haziwi ndefu, vyumba vikawa vyembamba. Juu ya boriti iliwekwa sakafu nzito ya mawe na chokaa. Ukuta wa nyumba ya Lamu huwa na unene wa karibu nusu mita. Jua la asubuhi halijamaliza kuupasha ukuta huo ila mchana umekwisha pita.

Lakini wazee hawakutegemea mawe peke yake. Walizisogeza nyumba karibu karibu hata njia zikawa vichochoro. Jua la nchi zetu za Ikweta hupita juu ya utosi, basi kichochoro hulipata jua kwa muda mfupi wa saa sita. Asubuhi na alasiri ukuta mmoja huutia kivuli mwingine, na ardhi ya chini haipati nafasi ya kuwaka. Katika Lamu njia kuu, Usita wa Mui, imefuata pwani, na vichochoro vinashuka kutoka mlimani hadi baharini, vikipitisha maji ya mvua na upepo. Ndani ya nyumba palikuwa na uwanda usioezekwa, ambao hewa ya joto hupandia ikatoka.

Hata chokaa nyeupe, wenyewe walijua kasoro yake. Ukuta mweupe hurudisha jua, lakini humrudishia nani? Ukiwa mbele ya uwanja mpana, humpiga apitaye machoni na mwilini, naye husikia hari zaidi. Katika kichochoro chenye kivuli kasoro hiyo haipo, na weupe huo huwa neema, kwani huingiza mwanga bila kuingiza moto. Ndiyo maana ya kusema kwamba kitu cha kujengea hakina uzuri wake peke yake. Uzuri wake hutokana na mahali kilipowekwa.

Makuti na mabati

Nyumba za mawe zilikuwa za wenye mali. Watu wengi walijenga kwa miti, fito na udongo, wakaezeka makuti. Paa la makuti ni tabaka juu ya tabaka za majani makavu, na katikati yake kuna hewa iliyotulia. Jua hulipiga juu, na chini yake hapana habari. Ubaya wake ni kwamba huoza baada ya miaka michache, tena hushika moto, na moto wa nyumba moja huweza kuteketeza mtaa mzima.

Mabati ya mikunjo yalibuniwa London mwaka 1829 na mhandisi Henry Robinson Palmer. Yalipofika Afrika ya Mashariki watu waliyapenda, na walikuwa na haki kuyapenda: hayaungui, hayaozi upesi, na hukusanya maji safi ya mvua. Tusiwacheke. Ila bati lilileta jambo moja ambalo makuti hayakuwa nalo. Likiwa jipya hung'aa na kurudisha mwanga mwingi. Likishika kutu huwa jeusi jeusi, hunywa jua, na humrushia joto aliye chini yake kama kaango. Nyumba iliyoondolewa makuti ikawekwa mabati bila dari imebadilisha hatari ya moto wa siku moja kwa hari ya kila siku.

Kivuli kiligawanywa

Walipokuja Wazungu kutawala, miji ya pwani ilipangwa upya, na hapo ndipo jambo la hari likawa jambo la haki. Tazama Dar es Salaam. Wajerumani walianzisha bustani ya mimea huko mwaka 1893, na upande wa bahari, Uzunguni, nyumba zilikaa mbali mbali, kila moja na bustani yake, na njia zikapandwa miti pande zote mbili. Upande wa Kariakoo, mahali palipopata jina kwa kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, viwanja vilikuwa vidogo, njia zimenyooka na kuachwa wazi kwa jua, na mapaa yakawa ya mabati. Mji ni mmoja na bahari ni moja, lakini kivuli na upepo vilikwenda upande mmoja.

Unguja nako, baada ya Mapinduzi ya 1964, yalijengwa majumba marefu ya Michenzani kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki. Nia ilikuwa njema: kumpa kila mtu nyumba imara, maji na taa. Lakini zege ya majumba yale imesimama kando ya barabara pana, bila vichochoro wala nyumba jirani ya kuitia kivuli. Ukuta wa namna hiyo hunywa jua mchana na kulitoa usiku, wakati watu wanapotaka kulala. Mji Mkongwe ulio karibu nao una kuta nzito pia. Tofauti yao kubwa ni kivuli.

Habari za Makka

Mahujaji wetu ni mashahidi wa jambo hili. Waliotufu Kaaba katika jua kali waliona kwamba sakafu ya mataf haiunguzi nyayo. Sakafu ile ni marumaru nyeupe iliyoletwa kutoka kisiwa cha Thassos, nchi ya Ugiriki. Hurudisha mwanga mwingi, na hulipitisha joto chini upesi, lisikae juu. Lakini nje ya mataf hali ni nyingine. Katika Hija ya mwaka 1445, yaani Juni 2024, joto ndani ya Makka lilifika nyuzi 51.8, na Serikali ya Saudia ilitangaza kwamba watu 1,301 walifariki, wengi wao wakiwa wametembea masafa marefu juani pasipo kivuli wala mahali pa kupumzika. Mwenyezi Mungu awarehemu. Tangu 2023 wakuu wa barabara wa huko wamekuwa wakiipaka lami ya njia za mahujaji, kwanza Mina, kisha karibu na Msikiti wa Namira, kitu cheupe kinachorudisha jua. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini hata wao wameongeza miti, vivuli na manyunyu ya maji, kwani rangi ya njia hupoza nyayo, wala haikizuii kichwa na jua.

Sasa turudi kwetu

Kigali ilianzwa mwaka 1907 na Richard Kandt, Mjerumani, juu ya kilima cha Nyarugenge. Waswahili wafanya biashara, askari na mafundi walikuja pamoja na utawala ule, na mwaka 1913 ukasimama msikiti wa Al-Fat'h, Nyamirambo. Zama za Wabelgiji, Waislamu waliwekwa katika kambi ya Waswahili, Biryogo. Wale waliotoka pwani walikuta hewa njema. Kila mtu apandapo mita 1,000, joto hupungua nyuzi 6 hivi; basi hapa kwetu joto ni pungufu kuliko la Mombasa, na usiku huwa na baridi. Walijenga kwa matofali ya udongo mbichi, rukarakara, ambayo ni mazito na humfaa mtu mchana na usiku, wakaezeka mabati, na wakaweka baraza kama kwao.

Kwa sababu ya nafuu hiyo ya kilima, sisi tumesahau somo la hari. Lakini jua la mlimani ni kali, kwani hewa ni nyepesi, na ardhi iliyo wazi huwaka hapa kama iwakavyo Mombasa. Kiyovu chetu ni ushahidi. Kilima ni kimoja, lakini watu walikiita kwa majina mawili. Kiyovu cha matajiri kilikuwa na njia zilizofunikwa na miti mirefu, bustani na nyasi. Kiyovu cha maskini, upande wa pili wa mteremko, kilikuwa na nyumba zilizobanana, mabati yaliyoshika kutu, na ardhi iliyokanyagwa hata isiote jani. Ni habari ile ile ya Uzunguni na Kariakoo. Mwaka 2008 Kiyovu cha maskini kilibomolewa kupisha mpango mpya wa mji, na wengi wa wakazi wake wakahamishiwa Batsinda. Ubora wa mpango huo wataujadili wengine. Mimi nasema neno moja tu: ardhi iliyobadilishwa kutoka udongo kuwa zege na lami imebadilishwa hari yake pia, na asiyekuwa na mti jana asitarajie kwamba zege peke yake itampa nafuu kesho.

Kuna na jema la kutaja. Mwaka 2015 mji ulifunga njia moja ya katikati isipitishe magari, na mwaka 2021 Biryogo nayo ikafungiwa njia zake, zikapakwa rangi, na watu wakaanza kukaa nje wakinywa chai kama wazee walivyokaa barazani. Jambo hili limewapendeza vijana na wageni. Basi lililobaki ni kivuli cha kweli. Mwavuli huondolewa jioni na rangi huchujuka, bali mti huongezeka kila mwaka.

Tufanye nini

Jumuiya yetu ina misikiti, madrasa na viwanja, na kila mwaka husikilizwa shauri la kutengeneza hiki na kumwaga zege pale. Kwa hayo niliyoyaeleza, naona yafaa tushike mambo haya.

Kwanza, ramani ichorwe kwa kuufuata mti uliopo, wala mti usikatwe kwa kuifuata ramani. Mti wa miaka 50 haununuliki.

Pili, ua usifunikwe wote. Pale wapitapo watu na magari, na patandikwe matofali yenye nafasi katikati, maji yapite na nyasi ziote; pale pasipopitwa, udongo uachwe na nyasi zake. Maji ya mvua yakiingia ardhini leo, yatatupoza kesho.

Tatu, mahali wanaposali watu wa nje siku ya Ijumaa, pasiwe lami wala zege tupu. Wazee na watoto ndio wanaofika wa mwisho, nao ndio wanaosujudu juani. Pawekwe paa jepesi au miti, na mikeka ya kutosha.

Nne, mapaa ya mabati yapakwe rangi nyeupe au nyepesi, na chini yake iwekwe dari yenye nafasi ya hewa. Gharama yake si kubwa, na watoto wa madrasa watasoma bila kusinzia.

Tano, tukumbuke haki ya jirani. Joto linyweshwalo na ua wangu haliishii ukutani kwangu. Upepo humpelekea aliye upande wa pili. Na kivuli cha mti wangu nacho huvuka ukuta. Mtu achague atakalomfikishia jirani yake.

Ndugu zangu, wazee waliokuja na misafara hawakuwa na vipimo wala vitabu vya elimu ya hewa, bali walijua kwa nyayo zao. Sisi tuna vipimo, tena tuna habari za miji mingi. Hapana ubaya kuzitumia saruji na bati. Ni vitu vya manufaa, na nyumba za zamani zilikuwa na taabu zake. Ubaya ni kuvichukua vipya kwa kutupa kila kilichotangulia. Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Kivuli ndicho mbachao wetu, na apandaye mti mlangoni mwa msikiti ameweka sadaka itakayofaidiwa na watu asiowajua, wakiwemo wasiozaliwa bado.

Wabillahi taufiki.